Vidonge vya magneziamu vya kutafuna: kiungulia sawa, vidonda vya tumbo msidanganyane

Naongelea vile vidonge vyeupe vikubwa unavyopewa duka la dawa ukisema tu tumbo linawaka moto. Kuna wanaovidharau kwa vile ni bei chee, na kuna wanaovitafuna kila siku wakijua wanatibu vidonda, wote naona wamepotea njia.

Ladha kwanza. Jamani ni chaki tupu! Kuna vyenye minti lakini chaki iko palepale, inaganda kwenye magego, kaa na maji pembeni. Ila tafuna mpaka iwe unga ndo umeze, sio unabugia kizima kama Panadol halafu unakuja kulalamika dawa feki, hii inafanya kazi kwa kugusana na asidi yenyewe so ikishuka nzima lazima ichelewe.

Strip yangu imeandikwa magneziamu traisiliketi miligramu 250 na alumini haidroksaidi 120. Zote zinapoza asidi, halafu ile traisiliketi ikikutana na asidi inabaki kama uteute hivi wa silika. Alumini imewekwa kwa akili sana: magneziamu inalegeza choo, ndo maana wazee wa Pwani walikunywa chumvi ya haluli kusafisha tumbo, ile ni magneziamu salfeti, sasa alumini yenyewe inafunga choo, zikiwa pamoja zinavutana na wewe unabaki salama. Mimi sijawahi kukimbilia chooni kwa sababu yake.

Kasi yake naipa maksi zote. Umekula chips mayai na pilipili usiku, umelala chali, kitu kinapanda kooni, ukitafuna dakika chache tu unapata nafuu. Shida yake ni kwamba nafuu haikai. Tumbo likiwa tupu nusu saa au saa moja moto unarudi, ukitumia baada ya kula inavumilia zaidi. Omeprazole, ile dawa inayopunguza asidi kutengenezwa tumboni, inachelewa kuanza ila ikishika inashika, so kama kiungulia chako ni cha kila siku hizi utazila kama karanga bure.

Kitu ambacho wauzaji wengi hawasemi: usichanganye na dawa zingine muda mmoja. Antibayotiki kama doxycycline na ciprofloxacin zinashikwa na hii magneziamu tumboni haziingii mwilini vizuri, acha masaa kadhaa katikati, muulize mfamasia. Wajawazito pia, najua kiungulia kinawatesa (na hapana, hakiletwi na nywele za mtoto kama watu wanavyosema), vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki msimeze pamoja na hivi, na mwambieni nesi mnavitumia. Mwenye matatizo ya figo asiguse kabisa bila daktari kwa sababu figo ndo zinatoa magneziamu ya ziada, zikishindwa inajaa kwenye damu.

Sasa vidonda. Vingi vinaletwa na bakteria anaitwa H. pylori, huyo anataka antibayotiki na vipimo, magneziamu haimuui, inakupoza tu huku kidonda kinaendelea. Ukiona choo cheusi kama lami au unatapika damu achana na strip, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ile chaki na kwa maduka yanayovihesabu mkononi na kuvitia kwenye kibahasha bila tarehe ya kuisha, mimi huwa nadai vilivyo kwenye strip yake.