Godox V1 chini ya hema la kwanjula: inunue kwa betri yake, habari ya duara baadaye

Matangazo ya flashi ya kamera ya Godox V1 huanzia kwenye kichwa chake cha duara. Mwanga wake unafifia taratibu kuelekea pembeni, tofauti na flashi za kichwa cha mstatili zinazochora kingo kali ukutani. Ni kweli, na ukipiga ukuta mweupe kutoka mita mbili utaona mwenyewe. Ila hakuna bibi harusi Uganda anayelipia picha za kuta. Kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi ukweni, na kwenye karamu za jioni flashi huelekezwa paani, na mwanga ukisharudi kutoka kwenye kitambaa cha hema hakuna awezaye kujua ulitoka kwenye duara au kwenye mstatili. Kinachoipa flashi hii haki ya kukaa mkobani ni betri, kisha redio ya kuiwasha kutoka mbali, kisha sumaku za kichwani. Kinachoiponza ni joto, na mara nyingi joto hilo hulitengeneza mpiga picha mwenyewe.

Ilitoka mwaka 2019. Nguvu yake ni wati-sekunde 76, zumu inatoka 28 hadi 105 mm, nguvu inapunguzwa kutoka 1/1 hadi 1/256, redio ni ya GHz 2.4 na mahali pa wazi inafika mita 100. Uzito wake pamoja na betri ni kama nusu kilo, na baada ya saa sita mkono utaujua.

Betri inaitwa VB26: lithiamu, volti 7.2, mAh 2600, na matoleo ya baadaye yamefika mAh 3000. Kiwanda kinahesabu mapigo 480 ya nguvu kamili kwa chaji moja, na flashi inajaa upya ndani ya sekunde 1.5 baada ya pigo zito. Flashi ya betri nne za AA inakula seti tatu au nne kwa siku ya harusi, na kila seti ikianza kuchoka inajivuta sekunde tano hadi sita kati ya pigo na pigo. Ukipiga kwa 1/8, hesabu ya karatasi inakupa mapigo zaidi ya elfu tatu kwa VB26 moja. Hutayafikia, kwa sababu skrini na redio navyo vinakula, lakini betri mbili zinatosha kutoka asubuhi ya mapambo hadi keki. Betri hiyohiyo inaingia kwenye V860III, flashi nyingine ya Godox, kwa hiyo wawili mnaofanya kazi pamoja mnaweza kuazimana.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi dukani ni chaja. Chaja ya V1, VC26, inakula umeme wa USB. Kwa nchi ambayo sherehe ya kijijini inaendeshwa na jenereta moja, na jenereta hiyo kwanza inahudumia spika za MC, hii si habari ndogo. Betri tupu inajaa kwa saa tatu na nusu hivi, na pawabenki ya mAh 20000 inaijaza mara mbili, pengine ya tatu ikianza. Kwanjula huanza saa nne asubuhi kwenye kadi ya mwaliko na saa nane mchana kwa hali halisi. Muda huo wa kungoja msafara wa muko, yaani bwana harusi, unatosha kabisa kujaza betri moja garini. Kumbuka tu kwamba tundu la USB lililo kwenye flashi yenyewe ni la kusasisha programu. Halichaji betri, hata ukiliacha usiku kucha.

Tuingie hemani, maana huko ndiko flashi hii inakopimwa.

Paa la hema liko mita tatu au nne juu. Mwanga unapanda, unapoteza nguvu, unashuka, unapoteza tena. Ukiiacha kamera kwenye ISO 400 (hisia yake kwa mwanga) na f/4, TTL, mfumo wa kamera na flashi kujipimia nguvu zenyewe, italazimika kuitisha nguvu kamili karibu kila picha. Kisha anatokea Ssenga, shangazi wa bibi harusi. Anapita katikati ya wanaume waliovaa kanzu na makoti yanayofanana, anasimama, anageuka, anarudi, anamvuta muko mkono. Tendo lote halizidi nusu dakika. Ukibonyeza mara nane mfululizo kwa nguvu kamili, picha ya tatu itakuwa nyeusi, ya nne nusu mwanga, na ile ya mkono kushikwa, ambayo ndiyo familia itaiulizia, inategemea bahati. Ukiendelea hivyo hadi mapigo kama 30 ya nguvu kamili bila kupumzika, kinga ya joto inaingia na muda wa kujaa upya unaruka hadi sekunde 10 au zaidi. Hapo hakuna dawa isipokuwa kuipumzisha kama dakika kumi, na MC hakungoji.

Tiba yake haina gharama. Pandisha ISO hadi 1600 au 3200, fungua lenzi hadi f/2.8, weka shata 1/160. Flashi itashuka hadi 1/8 au 1/16, itajaa kabla hujamaliza kupumua, na haitapata joto. Kamera za miaka kumi iliyopita, hata zile Canon 5D Mark III ambazo bado zinafanya kazi nyingi Kampala, zinaibeba ISO 1600 bila chembechembe za kumkera mteja. Anayesema V1 inachemka sana, muulize kwanza alikuwa kwenye ISO ngapi.

Tatizo la pili hemani ni rangi. Hema jeupe tupu ni rafiki. Lakini mpambaji akishalifunika paa kwa vitambaa vya zambarau au waridi, kila pigo la juu linarudi na rangi hiyo na kukaa usoni. Ukirekebisha uso kwenye kompyuta, nyasi na kanzu zinageuka kijani. Hapa ndipo sumaku zinapolipa. Seti ya vifaa vya AK-R1 inanata kichwani kwa sekunde moja: kuna kuba jeupe, kadi ya kurudisha mwanga, wavu wa matundu kama sega la nyuki na jeli za rangi. Kama paa ni la rangi, vaa kuba, elekeza kichwa mbele kwa nyuzi 45 hivi, sogea karibu. Mwanga utakuwa mkavu kidogo kuliko ule wa paa jeupe, lakini ngozi itabaki ngozi. Au tafuta mlingoti au pembe ambayo mpambaji aliibakiza nyeupe, geuza kichwa huko hata kama kiko nyuma ya bega lako. Onyo moja kuhusu jeli: usizitumie kwa nguvu kamili mfululizo. Ziko karibu mno na kioo, zinajikunja na kuungua.

Usipige flashi wazi kwenye gomesi, lile vazi refu la kina mama wa Kiganda. Satini na hariri zinang'aa kama bati, na yale mabega yaliyosimama yanakuwa madoa meupe mawili kila upande wa shingo. Mshanana za Ankole, vitambaa vinavyofungwa begani, zina tabia hiyohiyo.

TTL au kupanga nguvu kwa mkono? Vyote viwili, kwa wakati wake. Msafara wa zawadi unakujia: kina mama na vikapu, wanapiga magoti kwenye mikeka, umbali unabadilika kila sekunde. Kwa mwanga wa moja kwa moja, aliye mita 2 anapokea mara nne ya aliye mita 4, na hakuna kidole kinachoweza kuifukuza tofauti hiyo kwa mkono. Tumia TTL. Lakini kamera ikiona mwanga mkali wa nje nyuma ya watu, itadhani pana mwanga wa kutosha na kuacha nyuso gizani, kwa hiyo ongeza fidia ya flashi kati ya +0.7 na +1.3. Upande wa pili, suti nyeusi ya bwana harusi ikijaa kwenye fremu, TTL inapandisha na gauni linapoteza lesi yake yote. Watu wakishakaa, kwenye keki, pete, hotuba na meza kuu, hamia mkono: piga moja ya majaribio, angalia histogramu (mchoro wa mwanga kwenye skrini ya kamera), kisha usiguse tena. Picha mia moja zenye mwanga mmoja zinahaririwa kwa dakika chache.

Taa za LED za karamu zinaleta mistari kwenye picha. Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo shata ya 1/100 inapunguza mistari ya taa nyingi za kawaida, na shata ya kielektroniki uizime kabisa. Zile taa za jukwaani zinazobadilika rangi hazina adabu, hakuna namba itakayozituliza zote.

Karamu ya usiku inataka V1 ya pili kwenye stendi, nyuma ya meza kuu au kwenye kona ya uwanja wa dansi, 1/16, ikiangalia migongo ya watu ili watengane na giza. Stendi ifungiwe jerikeni ya lita tano iliyojaa maji. Ni kilo tano, inapatikana kila nyumba, na inazuia upepo na watoto vizuri kuliko mfuko wa mchanga utakaousahau ofisini. Jerikeni ining'inie karibu na ardhi bila kuyumba.

Redio ya mfumo wa X ndiyo sababu ya pili ya kununua. Trigaa, kifaa cha juu ya kamera kinachowasha flashi kwa redio, kama XPro au X2T, lazima ilingane na kamera yako, lakini flashi iliyo kwenye stendi inaweza kuwa ya chapa nyingine: V1 ya Nikon inapokea amri za trigaa ya Canon bila ubishi. Kasoro ni kwamba karibu kila mpiga picha na mtu wa video sasa ana Godox. Jumamosi kanisa moja la Kampala linafunga ndoa kadhaa mfululizo, na kundi linalotoka linakutana mlangoni na kundi linaloingia. Mkiwa wote chaneli 1, trigaa ya jirani itawasha flashi yako. Usitegemee chaneli zake 32 peke yake, weka pia namba ya ID, kati ya 01 na 99, ileile kwenye trigaa na kwenye kila flashi. Na kama flashi ya stendi inakataa kuwaka ukiwa karibu nayo sana, tafuta kwenye trigaa mpangilio wa umbali uuweke mita 0 hadi 30. Mafundi wengi wamelipwa kwa kubonyeza hapo tu.

Makanisani V1 haina muujiza. Kwenye makanisa makuu ya Rubaga na Namirembe, Kampala, paa liko juu mno, mwanga unaotuma hautarudi. Baadhi ya mapadri na wachungaji pia hawataki flashi wakati wa viapo, uliza kabla ya ibada. Tegemea lenzi ya f/1.8 na ISO.

Juani ndiko inakoshindwa waziwazi. Saa saba mchana kwenye bustani ya mimea ya Entebbe, kundi la watu ishirini, jua utosini: wati-sekunde 76 hazijazi vivuli vya macho, na ukiwasha HSS, yaani kupiga flashi kwa shata ya kasi sana, unapoteza takriban stopu mbili nyingine, unabaki na robo ya mwanga. Hapo ni kazi ya AD200Pro, flashi kubwa zaidi ya Godox yenye wati-sekunde 200, na uzuri wake ni kwamba kichwa chake cha duara H200R kinatumia vifaa vilevile vya sumaku. Bila hiyo, wapeleke watu chini ya mti mkubwa na uitumie V1 kuongezea kidogo machoni.

Haina kinga ya mvua. Kuanzia Machi hadi Mei, mfuko safi wa plastiki na mpira wa kufungia ni sehemu ya vifaa. Mguu wa toleo la Sony una pini nyembamba, usibebe kamera kwa kushika flashi. Kusasisha programu kunataka kompyuta.

Wakati wa kununua usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Ilipotoka iliuzwa Marekani kwa karibu dola 260. Kampala bei inafuata dola na ushuru, kwa hiyo uliza maduka matatu. Nenda na kamera yako. Soma herufi ya mwisho: C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony, F ni Fujifilm, na toleo lisilo lako ukilipachika juu ya kamera halitakupa TTL. Ipachike, funga kitasa, tikisa kidogo, isicheze. Badilisha zumu kutoka 28 hadi 105 ukisikiliza mota, mlio wa kusaga ni gia iliyoanguka chini. Piga mara kumi kwa nguvu kamili, hesabu muda wa kujaa. Kama ni ya mtumba, tazama ndani ya kioo kwa tochi ya simu: mirija yenye weusi kwenye ncha imepiga sana. Toa betri uilaze juu ya kioo cha kaunta. Ikizunguka badala ya kulala bapa imeanza kuvimba, na hiyo betri mwachie muuzaji.