Kontrola ya DJ ya kudumu: ipi ununue Uganda, ipi uiache dukani

Kontrola ya DJ, meza ya vitufe inayoendesha programu ya muziki kwenye kompyuta, hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mwili: fada (kitelezi cha sauti) inakwaruza, nobu (kitufe cha kuzungusha) inalegea, soketi ya USB inacheza hadi muziki unakatika watu wakiwa uwanjani. Hiyo fundi mzuri wa redio anaiweza. Ya pili haina fundi. Kompyuta imesasishwa, draiva ya zamani (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitambua mashine) imekataliwa, na kampuni haitoi nyingine. Mashine ni nzima, pedi zinawaka, sauti haitoki.

Wanunuzi wengi wa kwetu, kuanzia Kampala hadi Arua na Busia, huulizia idadi ya chaneli (njia za sauti) na ukubwa wa jogi (sahani ya kuzungusha wimbo). Nawasihi waanze kwa kuuliza nani ataihudumia mashine hii miaka saba ijayo, na inaelewana na programu ngapi.

Vestax ya Japani ilikuwa na jina kubwa. VCI-100 yake ya 2007 ilipendwa dunia nzima kwa mwili wa chuma. Mwaka 2014 kampuni ilifilisika. Chuma kilibaki imara, lakini zile kontrola zake zilizohitaji draiva maalumu ziliachwa yatima. VCI-100 haina kadi ya sauti ndani yake. Inatuma MIDI tu, lugha ambayo vyombo vya muziki vimeisema tangu 1983. Kwa hiyo mwenye nayo bado anaweza kuiunganisha na programu za DJ kama VirtualDJ au Mixxx na kuendelea na kazi. Mixxx ni programu ya bure, na mtu anayejua kuandika ramani ya vitufe anaweza kuiongezea kontrola ambayo mtengenezaji wake ameisahau.

Mabadiliko ya kompyuta nayo hayasubiri mtu. Mwaka 2019 Apple iliondoa kabisa programu za biti 32 katika macOS Catalina, na programu nyingi za zamani za muziki, pamoja na baadhi ya draiva, zikapotea nazo. Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Laptopu nyingi za mtumba tunazopigia muziki hazikubali Windows 11. Ukiwa na kontrola isiyohitaji draiva kwenye Mac, au ambayo kampuni yake bado inatoa draiva mpya ya Windows, mambo hayo yatakupita salama.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza: Pioneer DJ DDJ-FLX4. Ilitoka mwishoni mwa 2022 kuchukua nafasi ya DDJ-400 ya 2018. Mwili wake ni wa plastiki, na kwa ugumu peke yake isingeshika nafasi hii. Inashinda kwa sababu haijafungwa kwenye mlango mmoja. Ukiiunganisha, Rekordbox, programu ya DJ ya kampuni yenyewe, inafunguka bure. Serato ni programu nyingine: Serato DJ Lite ni bure, Serato DJ Pro unalipia. Na VirtualDJ inaitambua. Kampuni yenyewe imepitia mengi: Pioneer iliuza kitengo chake cha DJ mwaka 2015, na tangu 2020 kampuni inaitwa AlphaTheta. Hata hivyo DDJ-400, ambayo haitengenezwi tena, bado inakubalika katika Rekordbox 7 ya 2024. Huo ndio ushahidi ninaoutaka: tazama kampuni inavyomtendea aliyenunua jana.

Kasoro yake ni kwamba inatoa sauti kwa RCA tu, zile soketi nyekundu na nyeupe za redio. Ukivuta waya mrefu kutoka kwenye hema la kwanjula (sherehe ya utambulisho) hadi kwenye spika, utasikia mvumo. Weka di-boksi, kisanduku kinachoandaa sauti kwa waya mrefu, karibu na kontrola, kisha utumie waya wa XLR, ule wa pini tatu wa maikrofoni, kutoka hapo.

Ya pili, kwa anayeishi kwa harusi: Pioneer DJ DDJ-1000 ya mtumba, au Denon DJ MC7000. Zote zina chaneli nne, XLR, sehemu ya maikrofoni mbili na soketi mbili za USB, kwa hiyo mwenzako anaunganisha laptopu yake kabla hujamaliza zamu na muziki haukatiki. MC ana maikrofoni yake, mzee wa ukoo ana yake. Ila soma jina vizuri kabla ya kutoa pesa: DDJ-1000 ni ya Rekordbox na DDJ-1000SRT ni ya Serato. Zinafanana kama mapacha, na wauzaji wengine hawajui tofauti. MC7000 inafungua Serato DJ Pro bila malipo, na inMusic ya Marekani, inayomiliki Denon DJ, inamiliki pia Numark, Rane na Akai.

Hizi mbili zinatumia adapta. Umeme ukikatika zinazima papo hapo hata kama laptopu ina betri, wakati FLX4 inakula umeme wa laptopu yenyewe. Kwa hiyo bei ya UPS ndogo (betri ya akiba) iingie katika bajeti tangu mwanzo. Jenereta la harusini hupanda na kushuka kila friji ya vinywaji inapoanza, na adapta ndiyo inayoumia. Hapa kwetu umeme ni volti 240. Adapta iliyoandikwa 120 pekee usiiguse.

Ya tatu: Hercules DJControl Inpulse 500, ya 2020. Hercules ni ya Guillemot, kampuni ya Ufaransa, nayo nina imani nayo kwa sababu tovuti yake bado inahifadhi draiva za konsoli za zamani sana. Anayeanza anapata mashine yenye kutoa sauti kwa jeki za 6.35 mm, bora kuliko RCA, pamoja na miguu inayoiinua juu ya meza iliyomwagikiwa soda.

Ya nne: Numark Mixtrack Platinum FX. Inaendesha deki nne (nyimbo nne) kwa chaneli mbili, kwa pesa ya wastani, na VirtualDJ inaipenda. Fada zake ni nyepesi mno kwa kazi ya kila wikendi. Nyumbani au kanisani, sawa.

Ya tano: Traktor Kontrol S2 MK3. Imetengenezwa vizuri, na programu yake ya DJ, Traktor Pro 4 ya 2024, inaikubali. Lakini ukiharibikiwa na laptopu saa nne usiku, utapata wangapi jirani wenye Traktor? Wenye VirtualDJ utawapata kabla hujamaliza kuuliza.

Kontrola zisizo na jina, zile za boksi lenye picha nyingi kuliko maneno, siziweki popote. Tafuta tovuti ya mtengenezaji hapohapo dukani. Kama hakuna ukurasa wa draiva wenye tarehe, rudisha boksi kwenye rafu.

Yoyote utakayochukua, adui yake mkubwa hapa ni vumbi. Vumbi jekundu la barabara za murramu, hasa kaskazini na Karamoja, huingia kwenye mfereji wa fada na kula njia ya kaboni. Kule Entebbe kuna sami, wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku. Wakifia ndani ya fada huacha utelezi unaokauka. Nunua kifuniko kigumu cha plastiki. Safisha fada kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, usitumie mafuta ya bawaba. Kwenye bodaboda, kontrola ikae kwenye begi lenye sponji, mgongoni mwako.

Ukimwomba ndugu aliyeko Dubai au London akununulie, jua kwamba dhamana mara nyingi huhesabiwa katika nchi ya mauzo. Muuzaji wa Kampala anaweza kuwa ghali kidogo, ila ukirudi na fada iliyokufa unamkuta.

Ukinunua ya mtumba, nenda na laptopu yako na spika. Sogeza kila fada polepole wimbo ukilia, usikilize mkwaruzo. Tikisa waya wa USB taratibu kwenye soketi. Gusa kila pedi kwa kidole kimoja, halafu, wimbo ukilia, zungusha jogi kwa ukingo bila kuligusa juu: mwendo ubadilike kidogo tu, wimbo usikatike wala usiruke. Mwisho muulize muuzaji amekuwa akitumia programu ipi, toleo lipi, na umwombe faili za usakinishaji kwenye flashi. Kwa mashine ya zamani, flashi hiyo ni sehemu ya bei.