Hojaji ya Bega Katika Kliniki Moja ya Mombasa: Chombo Kizuri, Kazi Nusu

Kliniki ninayoizungumzia ni ya binafsi, ipo kisiwani, na nilielekezwa huko baada ya daktari kuthibitisha kwamba kano za bega langu la kulia zimechanika kidogo. Wataalamu wake wa fiziotherapia wanaijua kazi yao, vyumba ni safi na foleni haichoshi, kwa hiyo hayo sitayarefusha. Linalostahili kuangaliwa kwa makini ni karatasi anayokabidhiwa kila mgonjwa kabla ya kuanza matibabu, kisha tena baada ya wiki kadhaa, maana ndiyo inayotumiwa kuamua iwapo amepata nafuu na iwapo aendelee kulipia vipindi vya mazoezi.

Karatasi hiyo ni tafsiri ya DASH, hojaji ya matatizo ya mkono, bega na kiganja iliyotolewa mwaka 1996 na Institute for Work & Health ya Toronto pamoja na American Academy of Orthopaedic Surgeons. Ina maswali 30, na mengi yanamtaka mgonjwa aeleze alivyoweza kufanya kazi fulani katika wiki iliyopita: kufungua kopo lililokazwa, kuzungusha ufunguo, kusukuma mlango mzito, kubadilisha balbu iliyo juu ya kichwa. Jibu 1 maana yake hakuna ugumu, na 5 maana yake hawezi kabisa. Wastani wa majibu hupunguzwa 1, kisha huzidishwa kwa 25, na hapo hupatikana alama kati ya 0 na 100. Kadiri inavyopanda ndivyo hali ilivyo mbaya. Kama chombo, naisifu bila kusita, kwa kuwa picha ya mashine huonyesha kano ilivyo lakini haisemi kwamba mwenye bega hilo hawezi kujisugua mgongo anapooga.

Dosari imo katika namna kliniki ilivyoifanya iwe ya Kiswahili. Niliambiwa kwamba mfanyakazi mmoja aliitafsiri yote, ikachapishwa na kuanza kutumika. Mzee mmoja aliyeketi jirani yangu, mchukuzi wa mizigo wa zamani, alikuwa akisomewa maswali kwa sauti kwa sababu herufi ni ndogo. Alipoulizwa kuhusu gofu, kisha kuhusu kurusha kisahani cha plastiki, alijibu kwa upole: “Mwanangu, hayo sijayafanya tangu nizaliwe. Niulize kama naweza kusukuma mkokoteni.” Lilipofika swali la tendo la ndoa, lililomo katika hojaji asilia na lina sababu ya kuwemo, lilisomwa mbele yetu sote, na mzee akainamisha kichwa akasema, “Pita hapo.” Yaliyoachwa wazi yalijazwa 1. Kwenye karatasi yangu pia nilikuta yale niliyoyaruka yamejazwa vivyo hivyo.

Hilo si jambo dogo. Kanuni ya DASH yenyewe ni kwamba majibu yakipungua 27, alama haihesabiwi. Chukua mgonjwa aliyejibu maswali 26 kwa wastani wa 3.5: kwa kanuni hiyo hana alama. Hata tukiupuuza mpaka huo na kutumia yale 26 tu, angepata 62.5, lakini manne yaliyobaki yakijazwa 1, inashuka hadi takriban 54. Alama 8 zimetoweka na bega halijapona hata chembe, ilhali tofauti ya takriban 10 ndiyo ambayo watafiti wengi huichukulia kuwa mabadiliko ambayo mgonjwa mwenyewe huyahisi. Maelekezo ya hojaji humruhusu mgonjwa kukadiria kazi ambayo hakuifanya wiki hiyo, lakini sioni mtu atakadiria vipi mchezo asiowahi hata kuuona.

Uturuki walipita njia ndefu zaidi. Toleo la DASH la Kituruki, lililochapishwa mwaka 2006 na Tülin Düger na wenzake, lilipimwa kwa wagonjwa uthabiti wake (kama hutoa matokeo yaleyale likirudiwa) na uhalali wake (kama hupima kweli linachokusudiwa kupima). Utaratibu unaofuatwa sana duniani, ulioandikwa na Dorcas Beaton na wenzake mwaka 2000, hutaka watafsiri wawili wanaofanya kazi kila mmoja peke yake, tafsiri zao ziunganishwe, watu wengine wasioijua hojaji asilia wairudishe katika lugha ya mwanzo, kamati ya wataalamu ilinganishe yote, kisha wagonjwa 30 hadi 40 waijaze na waulizwe walielewa nini katika kila swali. Utaratibu huo huo unatambua kwamba swali la kula kwa uma halina maana kwa watu wasiotumia uma, na hivyo kazi yenye uzito unaolingana inaweza kuwekwa mahali pake.

Kwa Mombasa, kazi hizo hazihitaji kutafutwa mbali. Kukuna nazi kwa mbuzi, kubeba jerikeni la maji, kuanika nguo kwenye kamba, kuvaa kanzu kwa kuipitisha kichwani, kushika bomba la matatu ukiwa umesimama, kuinua mikono katika takbira na kujiegemeza juu yake katika sijda: kila moja inalidai bega jambo mahususi. Hata hivyo mabadiliko hayo yasifanywe na mtu mmoja mezani, kwani hojaji ina wenyewe na alama zake hulinganishwa na za nchi nyingine.

Kwa matibabu, kliniki hii naipa nyota nne kati ya tano. Kwa hojaji, mbili. Anayekwenda huko aombe kuijaza mwenyewe au asomewe faraghani, aache wazi asichoweza kukijibu, na kabla ya kukubali alama aliyopewa ahesabu kama majibu yake mwenyewe yamefika 27.