Udongo wa mfuko unaouzwa Tanga: laini mkononi, mkorofi ukikauka

Udongo huu wa kijivu unauzwa Ngamiani, mjini Tanga, kwa mifuko ya kilo 10, ukiwa umekandwa tayari. Ukiuviringisha uwe kamba nene kama kidole kisha ukaikunja, haivunjiki, kwa hiyo kufinyanga chetezo au chungu kidogo hakuna taabu. Muuzaji anadai pia kuwa haupasuki. Hapo ndipo penye mgogoro.

Unanywea mno. Kwenye kipande bapa kilichochorwa mstari wa sentimita 10 na kukaushwa kivulini, mstari ulibaki sentimita 9.1. Udongo wa namna hiyo, ukingo hukauka na kujivuta kitako kingali kibichi, na ufa huanzia hapo juu. Dawa yake ni chenga: gae za vyungu vilivyokwisha kuchomwa, zitwangwe na kupitishwa kwenye chekeche la unga. Mfuko mmoja unataka kilo moja na nusu. Kwa chungu cha kupikia fikisha kilo mbili, maana hicho kitakaa motoni kila siku. Zisiwe vumbi, ziwe kama sukari. Wengine hutia mchanga wa ufukweni kwa kuwa ni wa bure, nao wanajiongezea balaa: una chumvi na vipande vya makombe. Wa mtoni una afadhali.

Kasoro kubwa zaidi ni chembe nyeupe za matumbawe zilizoachwa ndani. Joto la joko likifika kati ya nyuzi 700 na 900, chembe hizo hugeuka chokaa. Chungu kinatoka kizima, kinasifiwa, kisha chokaa hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, na baada ya siku kadhaa kipande kinabanduka ubavuni. Mchomaji analaumiwa bure. Kabla ya kununua, omba donge kavu ulidondoshee siki. Likitoa povu, chokaa imo. Udongo huu ulitoa. Inabidi uuloweke mfuko mzima uwe uji, uuchuje kwa kitambaa cha mtandio, uache utuame, umwage maji ya juu na kuuanika mpaka ukandike tena, ndipo utie chenga. Kazi ya siku tatu nne hiyo, kwa kitu kilichouzwa kama kiko tayari!

Ukishachujwa na kutiwa chenga, unatulia. Kitako kikandamize kwa kidole gumba ndani na nje. Mkono wa chetezo ubandike chombo kingali na unyevu sawa na wake, pande zote mbili zikiwa zimekwaruzwa na kupakwa uji wa udongo uleule. Mkono mbichi juu ya chombo kikavu hujing'oa wenyewe. Funika ukingo kwa plastiki siku mbili za mwanzo, na chombo kikae juu ya mchanga mkavu ili kitako kiweze kujivuta. Wakati wa kaskazi usikiweke mlangoni, upepo hukausha upande mmoja. Kiguse kwa shavu: kikiwa baridi, bado kina maji, na maji hayo motoni huwa mvuke unaokipasua kwa kishindo. Joko nalo lisifunuliwe likiwa jekundu. Ngoja kesho yake.

Kwa vyungu vya maua na vyetezo, mfuko huu unafaa ukishauchuja. Kwa vyungu vya kupikia, muuzaji achuje kwanza au apunguze bei.