Kabati la vipande baada ya kulifungua, kulihamisha na kulifunga upya: uzoefu wangu

Samani za vipande, zile zinazouzwa zikiwa zimelazwa ndani ya boksi pamoja na mfuko wa skrubu na karatasi ya michoro, watu wengi huzipima kwa wepesi wa kuziunga siku ya kwanza. Kwa mpangaji wa Dar es Salaam kipimo hicho hakitoshi. Mkataba wa nyumba ukifika mwisho na kodi ya miezi sita au ya mwaka ikapandishwa, kabati lile lile litatakiwa lipite mlangoni, lishuke ngazi, lipande kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, na lisimame tena kwenye chumba kingine, na hapo ndipo mnunuzi anapojua hasa alinunua kitu gani. Kabati ninalolitathmini hapa ni la nguo, la milango mitatu na droo mbili, la chipubodi, lililotengenezwa China na kununuliwa Kariakoo, ambalo nililifungua Tabata na kulifunga upya Kigamboni nikisaidiwa na mdogo wangu. Jina la duka halina umuhimu, kwa kuwa makabati ya muundo huu yanauzwa karibu kila mahali mjini, na ninayoyaeleza yanahusu muundo wenyewe.

Niseme mapema kwamba nimeridhika. Kabati limefunguka lote, limesafiri likiwa mbao tupu, na limesimama tena likiwa imara na milango yake ikikutana sawasawa. Lakini halifunguki vizuri kwa mtu yeyote na kwa namna yoyote. Linataka lifuatwe kwa utaratibu wake, na utaratibu huo haumo kwenye karatasi iliyokuja nalo.

Uimara wote wa kabati hili umo kwenye makufuli madogo ya duara. Kila kufuli ni kipande cha aloi ya zinki chenye upana wa milimita 15, kilichozamishwa kwenye tundu upande wa ndani wa ubao wa kulala, na kazi yake ni kuuma kichwa cha pini ya chuma inayotokeza kwenye ubao wa kusimama. Ukikizungusha kufuata mwendo wa saa, kinaivuta pini na mbao mbili zinabanana; ukikizungusha kinyume, kwa takribani nusu mzunguko, kinaiachia. Usoni mwake kuna mshale mdogo, na mshale huo ukielekea ukingo wa ubao, pale pini inapoingilia, ujue kufuli limefunguka. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye kabati la namna hii alijue kabla hajagusa chochote, kwa sababu uharibifu mwingi hutokea pale mtu anapolegeza kufuli kidogo, akadhani amemaliza, kisha akauvuta ubao kwa nguvu. Chipubodi ni chembe za mbao zilizoshindiliwa pamoja kwa gundi. Haina nyuzi ndefu kama mninga au mkongo, na ukiuvuta ubao wakati pini bado imeumwa, tundu zima hung'oka na nyama ya ubao. Tundu likishang'oka namna hiyo, hakuna fundi atakayelirudisha kama lilivyokuwa.

Makufuli yangu yalikuwa yamefichwa chini ya vifuniko vya plastiki vya rangi ya ubao, ambavyo hubanduliwa kwa ncha ya kisu bila taabu. Baadhi yalikataa kuzunguka. Hewa ya Dar ina chumvi na unyevu, na pini chache zilikuwa zimeanza kushika kutu. Tone moja la mafuta ya cherehani, lililowekwa kwa ncha ya kijiti ili lisisambae kwenye chipubodi, na subira ya kunywa chai, vilitosha. Kutumia nguvu hapo ni hatari, kwa sababu aloi ya zinki hukatika ghafla bila kupinda kwanza, na kufuli likikatika ndani ya tundu lake linabaki limeishika pini.

Vifaa vilivyohitajika ni vichache. Ufunguo wa pembe sita wa milimita 4, ambao mafundi huuita alenki, ulitosha kwa skrubu nene zote zilizoshika ubao wa chini. Kwa skrubu zenye msalaba, angalia vizuri kichwani kabla ya kuchagua bisibisi. Za Phillips zina msalaba mtupu. Za Pozidriv zina msalaba pamoja na mistari minne midogo, myembamba kama mikwaruzo, iliyochorwa kati ya mikono ya msalaba. Bawaba za kabati langu zilifungwa kwa Pozidriv, na bisibisi ya Phillips ikiingizwa humo hukaa juu juu, huteleza, na mwishowe hula kichwa cha skrubu mpaka hakuna kinachoshikika. Bisibisi ya PZ2, yaani ya Pozidriv saizi namba 2, inauzwa bei ile ile ya nyingine, na inaokoa mchana mzima wa kuhangaika. Nilikuwa pia na bisibisi ya betri ya volti 12, ambayo ilinisaidia sana kutoa skrubu ndefu, ila makufuli ya duara niliyafungua yote kwa mkono. Kufuli linahitaji nusu mzunguko tu, na mashine haijui nusu mzunguko unaishia wapi.

Mpangilio wa kazi ni kinyume cha kuunga, lakini kuna mahali pawili ambapo kuirudisha nyuma ile michoro hakusaidii. Pa kwanza ni droo. Reli zake ni za goroli, na kila reli ina ulimi mweusi wa plastiki. Ukivuta droo mpaka mwisho, ulimi wa upande mmoja husukumwa juu na wa upande wa pili hushushwa chini, vyote kwa wakati mmoja, kwa kuwa ni reli ile ile moja iliyogeuzwa kwa ajili ya upande wa pili. Anayesukuma zote mbili juu atavuta mpaka achoke. Bawaba za milango, kwa upande wake, ni rahisi mno: nyuma ya kila bawaba kuna kibanio kidogo kinachobonyezwa kwa kidole, na mlango unatoka bila kulegeza skrubu hata moja, kwa hiyo marekebisho ya milango hayapotei. Kwa jambo hilo naipongeza kwa dhati kampuni iliyolitengeneza, maana bawaba za zamani za kufungwa kwa skrubu humlazimisha mtu kuanza upya kupanga milango mpaka ikae sawa.

Pa pili ni mgongo wa kabati. Ile hadibodi nyembamba ya nyuma, yenye unene wa milimita 3 hivi, watu huiona kama kizuia vumbi, kumbe ndiyo inayolifanya kabati lisiende upande. Ikiondolewa huku kabati limesimama, msukumo mdogo tu wa bega unatosha kulipindisha boksi lote, na kila pini itaanza kutafuna tundu lake. Kwa hiyo tulitoa kwanza nguo, rafu, droo, bomba la kutundikia nguo na milango, kisha tukalilaza kabati kifudifudi juu ya mikeka, mmoja huku na mwingine huku, tukiwa tumelishika kwa ubao wa chini na si kwa ubao wa juu. Likiwa limelala ndipo hadibodi ilipotoka. Ilikuwa imepigiliwa vijimsumari vidogo, na njia salama ni kugonga taratibu kutoka upande wa ndani, karibu kabisa na ukingo, kwa nyundo iliyotanguliziwa kipande cha ubao, ili hadibodi inyanyuke pamoja na misumari yake. Kuchokonoa kwa bisibisi kutoka nje huimega pembeni, na hadibodi iliyomegeka pembeni haipigiliki tena.

Kuhusu alama: niliandika namba kwa penseli kwenye kingo zisizoonekana, ubao wa kusimama na wa kulala unaokutana nao vikipewa namba moja, na skrubu za kila hatua niliziweka kwenye mfuko wake na kuuandika. Selotepu ya kawaida haifai kushikizia mifuko kwenye mbao hizi, kwa sababu sura ya ubao ni karatasi iliyochapwa mistari ya mti, na tepu kali ikibanduliwa inaondoka nayo. Tepu ya karatasi ya wapaka rangi haina tatizo hilo.

Uzito nao usidharauliwe. Ubao mmoja wa ubavuni, wenye urefu wa mita 2, upana wa nusu mita na unene wa milimita 16, una uzito wa kama kilo 11, na kabati zima la milango mitatu ni mzigo ambao watu wawili hawaubebi kwenye ngazi nyembamba bila kuumia. Likiwa vipande, kila mtu anabeba ubao wake. Kwenye kirikuu tulizisimamisha mbao kwa ukingo mrefu, sura kwa sura, mashuka yakiwa katikati, na juu yake tukafunika turubai. Turubai ni lazima hata kama mbingu ni nyeupe: chipubodi ikilowa kwenye ukingo ulio wazi huvimba, na ikishavimba hairudi, hata ukiianika juani wiki nzima.

Kulifunga upya ndiko kulikonipa wasiwasi zaidi, maana huaminika kwamba samani hizi zikifunguliwa mara moja basi zimekwisha. Imani hiyo ina ukweli kiasi. Skrubu nene za ubao wa chini, zenye upana wa milimita 7 na urefu wa milimita 50, hujichongea njia ndani ya chipubodi, na ukizirudisha kwa pupa zinachonga njia mpya juu ya ile ya kwanza, na tundu linalegea. Tiba yake ni kuanza kwa kuizungusha skrubu kinyume, taratibu, huku umeibana kidogo, mpaka uisikie ikidondoka kwa mdundo mdogo kwenye njia yake ya zamani. Hapo ndipo unapoigeuza na kuikaza. Mdogo wangu alipoushika mdundo huo kwa vidole vyake, hakuhitaji kuelekezwa tena. Tundu moja tu ndilo lililokuwa limelegea, la skrubu ya bawaba, nalo tulilijaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, tukakata zilizochomoza, tukaacha zikauke usiku kucha kabla ya kurudisha skrubu. Linashika mpaka leo.

Kasoro kubwa ya kabati hili ni karatasi yake ya maelekezo. Inaonyesha kwa michoro jinsi ya kuunga, hatua kwa hatua, na haina hata mchoro mmoja wa kufungua. Sioni sababu, kwa kuwa samani za vipande zilizaliwa kwa ajili ya safari. Kiti namba 14 cha fundi samani Michael Thonet, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1859 katika himaya ya Austria, kilikuwa na vipande sita vya mti, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Viungo vyake vilikuwa vya skrubu na nati, vya kufunguliwa na kufungwa. Kampuni ya samani ya IKEA ya Sweden imewahi kutoa maelekezo ya kufungua kwa baadhi ya samani zake, na hilo ni jambo jema ambalo watengenezaji wengine wangeweza kuliiga kwa gharama ya ukurasa mmoja.

Najua wapo watakaosema kwamba ni afadhali kwenda kwa mafundi seremala wa Keko ukachongewe kabati la mninga. Kabati la mninga ni zuri, linadumu, na lipo moja nyumbani kwa mama ninaloliheshimu. Lakini limeunganishwa kwa gundi na misumari, na siku lilipohamishwa ilibidi mlango wa chumba ung'olewe pamoja na fremu. Mwenye nyumba yake na achonge mninga. Anayepanga, na hajui mwakani ataamkia wapi, kabati la vipande linamfaa zaidi, mradi alichague kwa macho ya mtu atakayelifungua.

Kabla ya kulipa, omba uonyeshwe lile lililosimamishwa dukani na uchungulie ndani. Ubao wa milimita 18 unashika pini vizuri kuliko wa 16. Pini iliyoingizwa kwenye kikombe cha plastiki au cha chuma ndani ya ubao inavumilia kufunguliwa mara nyingi kuliko iliyochomekwa moja kwa moja kwenye chipubodi. Hadibodi ya kuchomeka kwenye mfereji ni bora kuliko ya kupigilia. Ulizia pia makufuli ya akiba, na kama duka halinayo, maduka ya vifaa vya useremala Kariakoo huyauza kwa bei ndogo, ila nenda na moja la zamani mkononi, kwa kuwa yapo ya milimita 12 na ya milimita 15, na kimo cha lile la ubao wa 16 si sawa na cha lile la ubao wa 18.