Uzoefu wangu na mihadhara ya Zoom ya vijana wa jamii asilia: ya simu nenda, ya ustahimilivu ruka

Kwanza mihadhara yenyewe ni ya bure, ukijisajili unatumiwa linki kwa imeili, kwa hiyo mtu asikuuzie. Gharama yako ni bando na kutafuta mahali penye netiweki. Mimi niko Narok, natangaza kwa kujitolea kwenye redio ndogo ya jamii, na nilianza kuifuata kipindi kile cha kuelekea tarehe 9 Agosti, siku ya kimataifa ya watu wa jamii asilia, ile siku mashirika yote yanakumbuka ghafla kwamba tupo.

Iliyonifanya nibaki ni ya usalama wa simu kwa vijana wanaoripoti habari za ardhi. Mwezeshaji hakuja na slaidi hata moja, alishea tu skrini ya simu yake, Android ya kawaida kama hizi zetu, akaingia kwenye kamera, akaenda kwa mipangilio, akatuonyesha pale pa kuwasha na kuzima lokesheni. Akasema ukipiga picha ya bikoni ya mpaka iliyong'olewa ama nyumba iliyobomolewa iwashe, kwa sababu mahali ndio ushahidi wenyewe, lakini ukimpiga mzee anayekupa habari akiwa kwake zima kabisa, maana picha hiyo ikianza kutembea inaweza kuwafikisha watu hadi mlangoni kwake. Halafu akaja kwa Watsap, na hapo chati ikawaka moto. Kumbe ukituma picha vile tunatumaga kila siku inabanwa na zile taarifa zake za ndani, saa na mahali, zinafutika njiani, sasa wakili akiipokea anabaki na picha tupu. Itume kama dokumenti ndio ifike nzima, na ile ya kwanza usiiguse, iache kwa simu na uweke kopi kwingine. Yaani kitu kidogo hivyo na nimefanya hii kazi ya habari bila mtu kuniambia.

Ya ramani pia ilikuwa tamu. Dada mmoja wa Ekwado alieleza vile Wawaorani, jamii asilia ya msitu wa Amazon, walizunguka msituni kwao na programu ya kuchora ramani inayoitwa Mapeo, ambayo haihitaji intaneti, wakaweka alama za mito, makaburi, njia za kuwinda, miti ya dawa, vitu ambavyo kwa ramani ya serikali havikuwepo, pale palikuwa ni eneo la mafuta tu. Wakaenda kortini na Aprili 2019 wakashinda, karibu nusu milioni ya ekari ikaponea mnada wa mafuta. Na hakutudanganya ati programu ndio ilishinda kesi, alisema wazi kwamba hoja kortini ilikuwa serikali haikuwashirikisha watu vile inavyotakiwa, ramani ilisaidia dunia ione kuna watu wanaishi pale. Ingekuwa mwingine angetuuzia programu.

Sasa ile ya ustahimilivu, jamani. Kwa jina ilikuwa ya vijana, ila vijana waliitwa mwishoni watoe shukrani. Slaidi juu ya slaidi, mara sisi ni wavumilivu, mara tunajua kuishi na ukame, wakati hapa kwetu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha iliwapa Waogiek, jamii asilia ya msitu wa Mau, ushindi dhidi ya serikali ya Kenya tangu Mei 2017, Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia inayozidi shilingi milioni 157 na wapewe hati ya pamoja ya ardhi ya mababu zao, na bado Novemba 2023 watu wakatolewa Sasimwani, huko huko Mau, na nyumba zikabomolewa. Nikaandika swali kwenye chati, kijana wa pale aripoti nini na kwa njia gani asishikwe, likapita hivi hivi kama matatu iliyojaa. Mtu amebomolewa nyumba halafu unamsifu kwa kuvumilia!

Kitu kingine, mambo ya sheria walizungumza kimarekani mno. Sisi huku wakati ule tulikuwa tunabanwa na ile sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya 2018, uchapishe kitu kikiitwa habari za uongo ungeweza kufungwa, na sikusikia yeyote akiigusa. Wangetafuta wakili mmoja tu wa Nairobi wampe dakika ishirini.

Tafsiri ya Kiswahili ilikuwepo kwa baadhi ya vipindi, mkalimani wa ile ya ramani alikuwa moto sana, mwingine alikuwa anakimbizana na msemaji mpaka anaacha sentensi njiani. Saa nayo ni shida, jioni ndio mifugo inarudi na vijana wengi wanaolengwa ndio hao wako nayo. Rekodi huja baadaye lakini ni video nzito, ukiwa na bando ya siku imeisha. Wangeweka na sauti peke yake, tungeshusha, tungerusha hewani, mama asiye na simu janja naye akasikia.

Kwa hiyo kama unaripoti kwa simu, jisajili, ila soma kwanza nani anaongea. Kama ni mtu anayefanya hiyo kazi kwao, ingia mapema na uzime video yako uokoe bando. Kama ni wakurugenzi watupu na mada ni ustahimilivu, subiri rekodi, ama usisubiri.