Kulipa deni la kadi ya mkopo kwa keshi: uzoefu wangu na benki moja hapa Dar

Kadi yenyewe sina ugomvi nayo. Imenilipia tiketi za ndege, imenilipia hoteli Guangzhou, imenilipia mzigo mtandaoni pale muuzaji alipokataa njia nyingine yoyote, na haijawahi kuniaibisha mbele ya mtu. Nyota mbili ninazoipa benki ni za hapo. Tatu nilizokata ni za siku ya kurudisha pesa yao. Unakwenda na noti mkononi, hukopi tena, huombi kupunguziwa, unataka kulipa tu, na anayekudai anakuzungusha.

Jina la benki siliweki. Nimeongea na wenzangu wenye kadi za benki nyingine na hadithi zao hazipishani sana na yangu, kwa hiyo kuitaja moja ni kuzisafisha zilizobaki.

Mimi nauza mabegi Kariakoo, jumla na rejareja. Wateja wangu ni wa Mbagala, wa Morogoro, wengine wanatoka Comoro na Kongo, na wengi wao wanalipa keshi. Lipa namba ninayo, imebandikwa ukutani, lakini mtu anayechukua mzigo wa milioni mbili haangalii ukutani, anafungua mkoba. Jioni droo yangu imejaa noti. Nalisema hili kwa sababu maafisa mauzo wa benki walinifuata hapo hapo dukani. Walikaa kwenye viti vyangu, wakaniona nikihesabu, wakanijazia fomu ya kadi wenyewe huku mimi nikihudumia wateja. Walijua pesa yangu ni ya aina gani kabla hawajanipa kadi.

Kwa asiyeizoea: kadi ya mkopo haichukui pesa kwenye akaunti yako, inatumia pesa ya benki hadi kikomo walichokuwekea. Changu ni milioni tano. Tarehe 12 wanafunga hesabu na kunitumia taarifa, na mwisho wa kulipa ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Ukilipa lote kabla ya tarehe hiyo, manunuzi hayana riba. Ukilipa pungufu, hata kama umelipa kile kiwango cha chini ambacho kwangu ni asilimia 10, riba ya asilimia 3 kwa mwezi inaanza kutembea, na inahesabiwa tangu siku uliyonunua, si tangu siku uliyochelewa. Ukitoa pesa kwenye ATM kwa kadi hiyo ndiyo mbaya zaidi, kuna ada ya papo hapo na riba inaanza siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kila kitu kimesimama kwenye tarehe, na tarehe kwa mtu wa keshi ndipo pagumu.

Taarifa ya kwanza ya maana ilikuja ya 3,400,000. Pesa ilikuwepo. Noti yetu kubwa ni ya elfu kumi, kwa hiyo hata zingekuwa wekundu watupu ni noti 340, na droo ya Kariakoo haina wekundu watupu. Kuna elfu tano, elfu mbili, na buku zilizolowa jasho la watu. Nilizifunga mabunda kwa mpira, nikaziweka chini ya kikapu, khanga juu, mpwa wangu akanisindikiza hadi mlangoni mwa tawi.

Dirishani alikuwa kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama. Namba ya akaunti?"

"Marahaba. Si akaunti mwanangu, nalipa deni la kadi."

"Nisomee namba ya kadi."

Namba za kadi ni 16. Nilizitaja moja moja kwa sauti, maana kioo chao ni kinene na tundu la kuongelea liko usawa wa kifua, hadi ikabidi niiname. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni angeweza kuziandika zote. Benki hiyo hiyo inanitumia ujumbe wa simu kunikumbusha nisimtajie mtu yeyote namba ya kadi yangu. Slipu nayo ilikuwa na visanduku vya namba ya akaunti, na visanduku viliisha kabla ya namba zangu, zilizobaki nikaziandika pembeni. Kuulizwa kitambulisho na chanzo cha pesa silalamiki, hiyo ni sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha na kila mfanyabiashara ameizoea.

Kisha kompyuta ikagoma. Kijana akaniambia kadi haifunguki kwa keshia, inafunguka akaunti yangu ya akiba tu. "Naiweka kwenye akiba mama, mfumo utavuta wenyewe." Akahesabu kwa mashine, mashine ikazitema noti zilizochakaa, akazihesabu kwa vidole, moja iliyoandikwa namba ya simu kwa kalamu akanirudishia nibadilishe. Akagonga muhuri. Ujumbe wa simu ukaingia nikiwa bado nimesimama hapo, umeweka shilingi 3,400,000. Nikaondoka na risiti, mtu aliyelipa deni lake.

Mfumo ulivuta kweli. Ulivuta 340,000.

Afisa wa ghorofani alinieleza kwa upole kuwa kwenye fomu yangu maelekezo ya makato yalikuwa "kiwango cha chini". Kuna visanduku vitatu pale: kiwango cha chini, asilimia utakayotaja, au deni lote. Alama iliwekwa na afisa wao, kwa kalamu yake, na mtu hahitaji shahada ya uchumi kujua kwa nini benki inapenda kisanduku cha kwanza. Sasa angalia kilichotokea. Milioni tatu na elfu sitini zangu zimelala kwenye akiba ya benki ile ile ninayodaiwa, zinaniingizia riba ambayo ukiitafuta huioni, huku deni la kiasi hicho hicho, kwa jina hilo hilo, chini ya paa hilo hilo, linanila asilimia 3 kwa mwezi. Kwa hesabu ya haraka ni zaidi ya elfu tisini. Kulipa nimelipa, pesa wanayo, na bado nadaiwa. Dawa ya deni ni kulipa, tuliambiwa tangu utoto, lakini hakuna aliyetuambia kuwa dawa inaweza kuishia chumba cha jirani.

Nikaomba wahamishe zilizobaki siku ile ile. Inawezekana, kwa barua. Nikaomba alama ihamie "deni lote". Inawezekana, kwa fomu, na itaanza kufanya kazi mzunguko unaofuata.

Njia nyingine nilizijaribu zote. Wakala wa benki hiyo yuko mtaa wa pili kutoka dukani, ananifahamu, ananiita dada mkubwa, lakini mashine yake inaweka pesa kwenye akaunti tu. Kwenye orodha ya huduma iliyobandikwa ukutani kwake, kulipia kadi hakumo. Simu nayo, nikiingiza keshi kwa wakala wa mtandao kisha nikaihamishia benki, nakatwa njiani, na inatua pale pale kwenye akiba. Mashine ya kujiwekea pesa mwenyewe, zile zilizowekwa kwenye maduka makubwa, inataka noti zilizonyooka kama zimepigwa pasi. Kwa mauzo ya Kariakoo utasimama pale hadi mlinzi aje kukuuliza una shida gani.

Jirani yangu wa duka ana kadi ya dola, na yeye ndiye wa kumwonea huruma. Mwaka 2023 dola zilipoadimika, alikuwa na shilingi za kutosha kulipa deni lake mara mbili, lakini benki yake ilitaka dola na kaunta ya benki hiyo hiyo haikuwa na dola za kumuuzia. Alipozipata kwa shida, noti za zamani zikakataliwa dirishani kwa sababu ya mwaka uliochapishwa juu yake. Mtu akikushauri uchukue kadi ya dola na mapato yako ni ya shilingi, muulize yeye analipwa kwa pesa gani.

Kisa kilichonifanya niandike haya ni cha Sabasaba ya mwaka 2025. Tarehe yangu ya mwisho ni 7, na Julai tarehe 7 ni sikukuu. Mwaka huo iliangukia Jumatatu. Ijumaa nilikuwa na mteja wa Comoro hadi usiku, Jumamosi asubuhi tarehe 5 nikawa wa mwanzo mwanzo kwenye tawi. Kisanduku kilishabadilishwa, nilishajua kuomba namba ya akaunti ya kadi ambayo si zile namba 16 (ipo, haijaandikwa popote kwenye kadi, unapewa ukiiomba), keshia akaipata, pesa ikapokelewa, muhuri wa tarehe 5. Ila malipo ya keshi kwenda kadi huingia siku ya kazi inayofuata, na Jumamosi kwa idara ya kadi si siku ya kazi ingawa dirisha liko wazi na foleni imefika mlangoni. Jumapili, halafu Sabasaba. Pesa ikasoma Jumanne tarehe 8.

Siku moja. Nikatozwa ada ya kuchelewa, na ushuru juu ya ada, na riba ya mwezi mzima kwa manunuzi yote tangu siku ya kununua. Nikawa pia na hofu ya kitu kingine. Benki zinapeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ambayo kampuni zilizopewa leseni na Benki Kuu, Creditinfo na Dun & Bradstreet, zinaitumia kutoa ripoti za wakopaji. Ukienda kuomba mkopo wa nyumba benki nyingine, wanakuvuta hapo. Nani atasoma kwamba kuchelewa kwangu kulikuwa Sabasaba?

Hapo nilipiga kelele, na nasema ukweli, kelele za kwenye simu hazikunisaidia. Huduma kwa wateja walinisikiliza vizuri, wakanipa pole, wakanipa namba ya malalamiko, kimya. Kilichofanya kazi ni karatasi. Nilipeleka barua tawini na nakala ya slipu yenye muhuri wa tarehe 5, nikataka wanigongee "imepokelewa" kwenye nakala yangu. Nikaandika kuwa nisipojibiwa nitalipeleka Benki Kuu, ambao wana dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, ila utaratibu wao unataka uanze na benki yako kwanza. Ada na riba vikarudishwa. Ushuru haukurudi, na sikuwa na nguvu ya kuufuata.

Baadaye niliamua kumaliza deni lote na kuipumzisha kadi. Nikauliza salio, nikalilipa lote dirishani, nikalala. Taarifa iliyofuata ikaja na deni la shilingi elfu sita na kitu. Ni riba ya zile siku kati ya kufungwa kwa hesabu na kuingia kwa malipo, maana deni likishaanza kutembea na riba, salio unalotajiwa leo halina riba ya kesho. Kwa elfu sita hizo nilipanga foleni ile ile, nikajaza slipu ile ile, nikaulizwa chanzo cha pesa. Nilitamani kuandika "hasira".

Kwa mwenye duka kama mimi anayefikiria kuichukua: ichukue kama una safari na manunuzi ya nje, kwa sababu huko haina mpinzani. Lakini siku wanapokuletea fomu, shika kalamu wewe na uweke alama kwenye deni lote. Dai namba ya akaunti ya kadi iandikwe kwenye karatasi yenye jina la tawi. Keshi ipeleke siku tatu za kazi kabla ya tarehe, na uangalie kalenda kama kuna Iddi karibu, kwa sababu mwezi ukiandama jioni hakuna benki kesho yake. Usiondoke dirishani hadi usome kwenye slipu kuwa pesa imekwenda kwenye kadi. Ujumbe wa simu wa "umeweka" usikudanganye, huo ni wa akiba. Na ukitaka kufunga kabisa, usiulize salio, uliza kiasi cha kumalizia hadi tarehe fulani, ni hesabu mbili tofauti.

Wahudumu wa dirishani nawapa haki yao, hakuna aliyenijibu vibaya. Wanafanya kazi na kompyuta iliyotengenezwa kwa mtu mwenye mshahara unaoingia benki kila mwisho wa mwezi, na mbele yao amesimama mwanamke wa Kariakoo mwenye kikapu.

Barua ya kuthibitisha kuwa sidaiwi niliomba kwa maandishi, ikatoka baada ya kukumbushia. Jina langu la pili lilikosewa herufi moja. Nimeirudisha, wameniambia nisubiri.